Mwalimu wa Michezo na Mkono Wangu wa Kulia

Hakuna mtu pale shuleni aliyewahi kumwona Mwalimu wa Michezo akikimbia. Aliwakimbiza wengine. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Juni, baridi ya Mbozi ikiwa bado imelala juu ya majani ya kahawa na ukungu umeufunika mlingoti wa bendera, yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja na kaptura iliyopigwa pasi, soksi ndefu hadi magotini, filimbi ikining'inia kwenye kamba ya kiatu, na watoto wa shule nzima wakimzunguka kwa mchakamchaka. Alisimama tu, akihesabu. Ukimuuliza kwa nini hakimbii, alikujibu kwamba mpishi hali kabla ya wageni. Watoto walidai ana mguu wa bandia. Mimi nilifundisha naye miaka mingi na miguu yake niliiona. Ilikuwa mizima, myembamba, yenye makovu ya funza kwenye vidole. Hakupenda kukimbia, basi.

Jina lake silitaji. Watoto wake wapo, na wao ndio wenye jina. Sisi walimu, wazazi wa Ihanda na Isansa, hata padri na wachungaji, wote tulimwita Mwalimu wa Michezo, na mkewe alipotaka kumtania alimwita hivyo hivyo.

Alihesabu kila kitu mpaka nane, kisha akaanza upya. Moja mpaka nane, moja mpaka nane. Sikuwahi kumsikia akifika tisa. Miche yake ya kahawa aliipanda nane nane kwa mstari, na ule mstari wa mwisho uliobaki na miche mitano ulimkera mpaka akaing'oa yote mitano akampa jirani. Nadhani mazoea hayo aliyatoa kwenye halaiki. Kila mara Mwenge ulipopita wilayani kwetu, yeye ndiye aliyepewa watoto wa shule kadhaa awafundishe kuinua vitambaa, kupiga magoti, kujipanga wakaandika maneno kwa miili yao. Alikuwa mkali hadi wazazi walikuja kumlalamikia. Lakini mwaka mmoja kulikuwa na binti wa darasa la nne ambaye kila akihesabiwa tatu aliinua mkono wa kushoto badala ya wa kulia. Tulimwambia amtoe. Alikataa. Alisema halaiki isiyo na anayekosea ni ya askari, na yeye hakuletewa askari. Binti yule alikosea mbele ya viongozi wote, na Mwalimu wa Michezo alipiga makofi kuliko sisi sote.

Alikula amesimama. Viti hakuvipenda, alisema kiti ndicho kinachozeesha watu. Kwenye vikao vya walimu aliegemea mlango, na mwalimu mkuu aliyechoka kumwambia keti aliishia kumpa kazi ya kuandika muhtasari, akidhani hapo atakaa. Aliandika akiwa ameweka daftari juu ya kabati.

Jambo jingine, hakuweza kusema uongo. Sisemi kwamba hakutaka, nasema hakuweza, kama mtu asiyeweza kupiga mluzi. Mke wa mwalimu mkuu alitupikia pilau siku ya kufunga shule, tukasifu wote kwa zamu, zamu yake ilipofika akasema, "Chumvi imezidi, mama, lakini nyama imeiva vizuri." Alipofariki mwenzetu wa hesabu, wakamwomba aseme machache kaburini. Akasema, "Alikuwa mlevi, na alifundisha hesabu kuliko sisi sote tuliosimama hapa." Watu waliinamisha vichwa. Mjane wake ndiye aliyekwenda kumshika mkono na kumshukuru, kwa sababu wengine wote walikuwa wamemsifu mtu ambaye yeye hakumjua.

Na mtu huyu asiyeogopa kaburi aliogopa hospitali. Mtoto akivunjika uwanjani alimbeba mwenyewe hadi zahanati, halafu akamkabidhi getini kwa mtu yeyote aliyepita. Getini ndio mwisho wake. Jino lilipomuuma alilifunga uzi, upande wa pili kwenye komeo la stoo ya michezo, akaomba mwenzetu mmoja aufunge mlango kwa nguvu. Alirudi darasani kipindi hicho hicho.

Nayasema haya yote ili ieleweke kwamba hakuwa mtu wa kutazamiwa katika ugonjwa wangu.

Nilikatwa titi la kulia katikati ya miaka ya tisini. Walitoa na tezi za kwapani. Baadaye nilipelekwa Dar es Salaam kwa mionzi, nikakaa huko wiki nyingi, nikarudi na basi siku mbili. Watu waliniuliza najisikiaje, nikawajibu namshukuru Mungu, maana ndilo jibu lake. Ukweli ni kwamba sikuwa najisikia vyovyote. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa na biashara zake Tunduma mpakani, alikuja akakaa siku tatu, akarudi kwenye biashara, na sikulia. Waliniambia nimepona, sikufurahi. Nilikuwa naamka, nakula, nalala.

Kwetu mgonjwa hashiki kazi, na mgonjwa wa ugonjwa ule hashiki hata kijiko. Kina mama wa kanisa walijigawia siku: huyu maji, huyu kuni, huyu kunifulia. Mama yangu mzazi alihamia kwangu kabisa. Yeye ndiye aliyechukua khanga akanifunga mkono wa kulia kifuani, ukabanwa vizuri, usitikisike, kidonda kisifunguke. Kidonda kilifunga mapema. Khanga haikufunguliwa. Niliogeshwa, nikafungwa tena. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na mimi sikuwa na nia yoyote. Siku niliyotaka kurudi kazini, karibu miezi mitatu baadaye, mama alifungua khanga nikakuta mkono haupandi. Ulifika kidevuni ukagoma.

Nilifundisha darasa la kwanza. Ukiniuliza ni wapi katika dunia hii nilikuwa bado mtu, nitakwambia ni pale mbele ya ubao, watoto sitini wakinitazama mkono unaandika a, e, i, o, u. Kwingine kote nilikuwa mgonjwa wa fulani au mke wa fulani. Darasa nililitaka. Ndicho kitu pekee nilichokitaka mwaka ule, na hata hicho nilikitaka kwa sauti ndogo. Nilirudi, nikawa naandika chini ya ubao kwa kuchuchumaa, watoto wa nyuma wakisimama juu ya madawati ili waone.

Mwalimu mkuu alivumilia wiki tatu. Kisha akaniita ofisini akanisomea nakala ya barua iliyokwenda Vwawa, ofisi ya elimu ya wilaya. Ilisema mwalimu huyu hawezi kuinua mkono wa kuandikia kupita kidevu, na kwa hali aliyonayo hafai darasani. Afisa elimu atakuja kuniona muhula ukiisha. Akithibitisha, nitastaafishwa kwa ugonjwa. Aliyeandika barua ni Mwalimu wa Michezo. Mwalimu mkuu alimtuma kwa kuwa ndiye mwenye somo la viungo. Niliisikiliza kama habari za shule nyingine.

Kesho yake saa kumi jioni alikuja kwangu. Mama alikuwa barazani anachambua maharage.

"Wewe ndiye uliyemwandikia mwanangu barua?" mama akamwuliza kabla hajamkaribisha.

"Ni mimi, Mama. Niliyoyaandika ni kweli au si kweli?"

Mama alichambua maharage kwa muda. "Ni kweli."

"Basi nimekuja tuyabadilishe. Nina wiki kumi na moja."

"Mwanangu mgonjwa, Mwalimu. Mgonjwa hapigiwi filimbi."

"Filimbi sitapiga. Ila wewe, Mama, ukae hapo hapo kila siku utuone. Sitaki maneno ya watu." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, kule hospitali hawakukupa karatasi?"

Walinipa. Ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi zangu, imeandikwa Kiingereza, ina picha za mwanamke amesimama ukutani. Sikuwahi kuifungua. Nilipewa siku nilipokuwa sijali kama ni karatasi au ni jani. Aliichukua, akaazima kamusi ya mwalimu mkuu, na baada ya siku mbili akarudi na andalio la somo. Alikuwa ameliandika kama tunavyoandikia wakaguzi: Mada, Bega. Mada ndogo, Kuinua. Lengo mahususi, kufikia mstari wa juu wa ubao. Zana, ukuta, chaki, kamba, nusu tofali. Kulikuwa na safu ya tathmini upande wa kulia, tupu.

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ahamie kwangu, na nakumbuka nilimwangalia nikajiuliza amefanyaje.

Tulianza ukutani kwa jiko. Vidole vyangu vilipanda ukuta kama buibui, kimoja kimoja, vikifika pa kugoma yeye anaweka alama ya chaki na tarehe. Moja mpaka nane, shusha. Moja mpaka nane, shusha. Alitundika kamba juu ya boriti ya baraza, mkono wa kushoto ukivuta, wa kulia ukipandishwa. "Mzima amfundishe mgonjwa," alisema. Maumivu yalikuwepo, lakini sikuyajali. Yeye ndiye aliyekunja uso kwa niaba yangu. Mama alikunja wake pia, wakanikunjia nyuso wote wawili huku mimi nikiutazama ukuta.

Alinikataza kuchotewa maji. Kina mama wa kanisa walipokuja na ndoo zao aliwasimamisha njiani. "Mnamuua kwa upendo," aliwaambia. "Mwacheni achote kikombe kimoja kimoja." Wengine walikasirika wakaenda kumshtaki kwa mchungaji. Ila walianza kuniletea mahindi nipukuchue, na mmoja akaniita shambani kwake kuchuma kahawa, ile ya matawi ya chini kwanza, halafu ya kati. Kuvuta tawi la kahawa lije kwako na kulishikilia huku unachuma ni kazi ya bega, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Sikuwa na furaha nikichuma. Nilikuwa na kitu cha kufanya, na jioni nilikuwa na njaa, na njaa ile ilinishangaza.

Wiki ya saba alama ya chaki ilikuwa imefika juu ya kichwa changu kwa shibiri moja, na nilishika nusu tofali bila kutetemeka. Kisha Vwawa wakaleta ujumbe. Afisa elimu ana safari nyingine, atakuja wiki ijayo.

Mwalimu wa Michezo alisimama barazani akiisoma ile karatasi mara nyingi. Kesho yake akaja na jiwe la mtoni, kubwa mara tatu ya nusu tofali.

"Haraka haraka haina baraka, Mwalimu," mama akamwambia.

"Chelewa chelewa, Mama, utakuta mwana si wako."

Aliniuliza kama naweza. Nikasema naweza. Nililiinua jiwe lile siku sita, moja mpaka nane, asubuhi na jioni.

Asubuhi ya siku ya afisa elimu mkono wangu haukupita kwenye sweta. Ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko hadi vidoleni, ngozi inang'aa. Mama alishika kichwa. Nikamwambia anyamaze. Nilijitupia khanga begani nikaenda shule, na mbele ya afisa elimu na mwalimu mkuu niliandika siku na tarehe kwenye mstari wa juu kabisa, nikashuka mstari kwa mstari hadi chini, na watoto wakasoma. Afisa akamgeukia Mwalimu wa Michezo aliyeegemea mlango, akamwuliza kama barua yake bado anaisimamia.

"Hapana. Ilikuwa kweli. Sasa si kweli."

Nikabaki darasani. Nilibaki hadi nilipostaafu mwenyewe kwa umri.

Walipotoka, khanga ilinishuka begani. Mwalimu wa Michezo, aliyebaki mlangoni, aliuona mkono. "Tangu lini?" akauliza. Nikamwambia tangu asubuhi. Alinitangulia hadi zahanati, na safari hii hakuishia getini. Aliingia, akakaa nami kwenye benchi, akasimama tena. Mganga aliubonyeza mkono, akauliza nilikuwa nabeba nini siku hizi. Nikasema mawe. "Basi ni hayo mawe," akasema. "Mtu aliyetolewa tezi habebi kitu. Umejiharibia." Ndivyo walivyofundishwa wakati ule. Nilimwona Mwalimu wa Michezo akitazama dari.

Juma lile alimpelekea mwalimu mkuu barua nyingine, ya sentensi mbili, inayosema amemharibia mwalimu mwenzake mkono kwa pupa yake na anastahili hatua. Mwalimu mkuu aliitia kwenye droo akasema yeye hana faili la dhambi. Lakini mtu asiyeweza kusema uongo huwa hawezi pia kujisamehe kirahisi. Hakurudi tena kwangu. Tulifundisha naye miaka tisa mingine, akinisalimu, "Habari za darasa, Mwalimu," huku anatazama paa la stoo. Akiniona nakuja na njia ya nyuma ya vyoo, yeye alizunguka na ya mbele. Mama ndiye aliyechukua kazi ya kunihesabia ukutani hadi alipokufa. Uvimbe ulipungua kidogo ukabaki. Fundi cherehani wangu alijua mkono wa kulia wa kila gauni unakatwa mpana kuliko wa kushoto.

Nilimkasirikia. Nalisema wazi kwa kuwa sikuwa na hasira na mtu mwingine miaka ile, hata na mume. Sikumkasirikia kwa jiwe. Nilikasirika kwamba mtu pekee aliyekuja akaacha kuja.

Alipostaafu, mkewe akiwa ameshafariki, aliuza shamba akahamia Tunduma kwa binti yake. Sikumuaga, na yeye hakuniaga.

Miaka mingi ilipita. Nilikuwa tayari bibi wa wajukuu nilipopelekwa kliniki moja Mbeya kwa ajili ya mkono ule, nikakutana na binti wa mazoezi ya viungo, mdogo, pengine angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Alipima mkono kwa utepe, akanifundisha kuufunga bandeji, akaniuliza historia. Nikamsimulia mawe.

"Nani alikwambia ni mawe, bibi?"

"Mganga."

"Mimi siwezi kusema hivyo. Wakitoa tezi, maji ya mwili yanakosa njia. Mkono unaweza kuvimba hata kwa mtu aliyelala kitandani mwaka mzima. Sisi siku hizi tunawapa uzito kabisa. Unaanza na kidogo, unapanda polepole." Aliuinua mkono wangu hadi juu, ukaenda wote. "Wagonjwa wangu wengi hawafiki hapa. Nani alikufanyisha mazoezi?"

Nilimwomba ayarudie yote. Akayarudia. Wiki iliyofuata nilipanda gari la Tunduma.

Malori yalikuwa yamepanga mstari tangu mbali, vumbi tupu. Binti yake alikuwa na genge la viatu vya mitumba karibu na mpaka, akiwaambia wateja wa ng'ambo "natotela", asante ya kwao, kila wanapolipa, na nyumba ilikuwa nyuma ya genge. Alinikumbuka. "Mwalimu, Baba hasikii vizuri. Sema kwa nguvu."

Alikuwa amekaa kwenye kiti. Hilo lilinisumbua kuliko mvi. Blanketi magotini, mikono juu ya blanketi. Alinitazama muda, kisha akatazama mkono wangu wa kulia, kisha ukuta.

Nikapiga kelele, majirani wote wakisikia. "Mwalimu, si mawe!"

"Nani kasema?"

"Mtaalamu wa Mbeya. Binti aliyesomea."

"Kasema si mawe, au kasema hajui?"

"Kasema hawezi kujua. Kasema uzito hauna ubaya ukipanda polepole."

"Mimi nilipanda polepole?"

Nilishika bandeji yangu.

"Wiki saba nusu tofali. Halafu jiwe lile." Alitikisa kichwa. "Hapo polepole iko wapi, Mwalimu?"

"Wangenitoa darasani."

"Hilo ni jingine."

Binti yake alileta chai akatoka. Tulikaa. Nilikuwa nimetoka nyumbani na neno moja la kumpa, na yeye amelichambua kama mama na maharage yake, akabakiza mbovu. Nilidhani yameishia hapo. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete."

Nilikunja mkono wa gauni hadi begani, nikafungua bandeji. Aliushika kifundoni akapanda nao taratibu, akibonyeza kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Alifika kiwikoni, akapita. Alifika upande wa ndani, juu kabisa, karibu na kwapa. Hapo akabonyeza kwa nguvu, kidole gumba kikazama kikaacha shimo.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi, Mwalimu."

Alinitazama mdomoni, vile alivyokuwa akiwatazama watoto waliochelewa. "Kweli?"

"Kweli kabisa."

Aliendelea kushika. Mabega yake yalishuka, pumzi ikamtoka ndefu, na machozi yakamteremka bila yeye kuyafuta. "Basi," akasema. "Basi. Kama hapaumi."

Na sikumdanganya. Sehemu ile ilikufa ganzi siku waliyonipasua. Mpaka leo ukiidunga sindano nitakuangalia tu. Vidole vyake niliviona, sikuvihisi. Hakuniuliza kama nahisi. Nilishusha mkono wa gauni, nikamwita binti yake aniongezee chai.